Uliza Tukujibu: Bango liko ukutani, nafasi iko wapi?

Karibuni tena. Mwezi huu maswali karibu yote yametoka kwa watu wa sanaa, yaani historia, fasihi, falsafa, lugha, muziki, sosholojia na ndugu zao, nadhani ni kwa vile semista imefunguliwa na kuta za kampasi zimejaa matangazo kama kawaida. Maswali marefu nimeyapunguza kidogo ila maana sijaigusa. Twende.

SWALI: Mambo dada, niko mwaka wa kwanza, Isimu na Fasihi. Wiki mbili tu nimeshapiga picha matangazo 23: mhadhara wa wazi, odisheni ya tamthilia, klabu ya midahalo, warsha ya uandishi, maonyesho ya ajira, skolashipu, kongamano, yaani kila kitu. Sijaenda hata kimoja maana sijui nianzie wapi. Nisaidie. (Mwenye picha 23)

JIBU: Poa mdogo wangu. Picha 23 mbona chache, mimi nilikuwa nazo zaidi ya mia, afu siku simu ikijaa unazifuta zote kwa mkupuo na habari inaishia hapo. Kosa si lako peke yako, mabango yanaandikwa kana kwamba kila kitu kina uzito sawa, mhadhara wa saa moja na ufadhili wa miaka miwili vyote vina herufi kubwa na tarehe nyekundu chini. Sasa tulia na simu yako uzipange upya. Kuna vitu vya kwenda kusikiliza tu, unaingia, unakaa, unatoka, ukikosa hujafa. Kuna vitu vya kufanya mwenyewe, midahalo, tamthilia, kwaya, gazeti la wanafunzi, hapo chagua KIMOJA, narudia kimoja, na uende kila wiki mpaka watu walijue jina lako. Afu kuna vya kuomba, intanshipu, ufadhili, mashindano ya insha, na hapa ndo watu wengi wanaumia kwa sababu wanaisoma ile tarehe nyekundu wanadhani ndo dedilaini. Ile ni siku ya kufunga mlango. Dedilaini yako wewe iko kama wiki sita kabla yake, siku unayoenda kumwomba mwalimu barua, siku unayoomba transkripti (karatasi ya matokeo yako), siku unayompa rafiki insha yako aikosoe bila huruma. Hiyo ndo uiandike kwenye kalenda.

Na usisubiri bango. Kuna siku ambazo idara za sanaa karibu kila mahali huwa zinafanya kitu, na zinajulikana mwaka mzima: Siku ya Ushairi 21 Machi, Siku ya Tamthilia 27 Machi, Siku ya Vitabu 23 Aprili, Siku ya Kiswahili 7 Julai (hii UNESCO waliitangaza 2021 tu, bado changa, kwa hiyo waandaaji huwa wanatafuta watu wenye mawazo), Siku ya Tafsiri 30 Septemba, na Siku ya Falsafa ambayo huwa Alhamisi ya tatu ya Novemba. Wiki tatu kabla, pita idarani uulize nani anaandaa. Hilo swali tu. Kila mara kuna kitu kinakosa mtu: wa kuongoza shughuli, wa kupokea wageni, na hasa wa kuandika ripoti baadaye, kazi ambayo hakuna anayeitaka hata kwa dawa.

Mimi niliandika ripoti moja ya namna hiyo nikiwa mwaka wa pili. Ilikuwa 30 Septemba, siku ya kumkumbuka Jerome, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini na kufariki tarehe hiyo mwaka 420. Mgeni alikuwa mama mmoja mtafsiri, ukumbi wa viti 200 na tuliokuja tulikuwa 11, nakumbuka kwa sababu niliwahesabu kwa aibu. Yeye hakujali, akashuka jukwaani akavuta kiti, tukakaa kwa duara, akatoa ukurasa mmoja wa mkataba wa nyumba na kutuuliza neno moja tu lililokuwa limemsumbua siku nne, tukabishana nusu saa nzima juu ya hilo neno moja. Niliporudi bweni niliandika kurasa mbili, nikaziacha idarani. Baada ya miezi kama miwili nikapigiwa simu na yule mama mtafsiri, alikuwa ameomba nakala ya ripoti, ameipenda, je naweza kumsaidia kuhakiki kijitabu? Malipo yangu ya kwanza ya kazi ya lugha yalitoka hapo. Na nisikudanganye, kuna shughuli nyingine nyingi nilipanga viti na hakuna aliyenipigia.

SWALI: Habari za kazi. Mimi nipo mwaka wa tatu Historia na nimechoka. Nilienda maonyesho ya ajira nikiwa nimepiga pasi shati, kila meza wananiuliza najua kuprogramu, najua uhasibu, mmoja akaniambia kabisa "historia utaifanyia nini" huku anacheka na mwenzake. Nikarudi kulala. Hizi nafasi za kampasi ni za watu wa sayansi na komputa tu? Kama ndivyo tuambiwe mapema. (Shati la pasi)

JIBU: Pole kaka. Huyo aliyecheka ana ubaya wake lakini swali lake ujiandae nalo, maana utakutana nalo maisha yako yote, hata harusini. Ukisema "nasoma Historia" unamwachia yeye kazi ya kufikiri unaweza nini, na yeye hana muda, ana foleni. Mwambie ulichofanya: nilisoma barua 60 za zamani zilizoandikwa kwa mkono, nikazipanga kwa tarehe na mada, nikaandika kurasa 20 za kuonyesha nani alikuwa anamdanganya nani. Hiyo ni kazi ya utafiti, ni kazi ya kumbukumbu, ni kazi ya uandishi, na kuna meza palepale zinazohitaji mtu wa hivyo. Sema mara nyingi si zile kubwa zenye baluni. Ni makumbusho, nyaraka za taifa, maktaba, redio, wachapishaji, asasi za haki za binadamu, ofisi za tafsiri, na hawa wengi hawaji kwenye maonyesho kabisa kwa sababu kuweka meza ni gharama. Hao unawafuata wewe, kwa barua fupi yenye kazi yako moja nzuri umeiambatanisha. Moja. Usimtumie mtu tasnifu nzima.

Kuhusu nafasi zenyewe, nyingi sana hazibagui fani, ni sisi tunajitoa wenyewe kabla hatujasoma masharti. Rhodes, ule ufadhili wa kusoma Oxford uliotokana na wosia wa Cecil Rhodes aliyefariki 1902, umechukua watu wa falsafa na fasihi tangu mwanzo (wanawake walianza kuruhusiwa 1977, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine). Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ina shahada za uzamili ambazo unasoma katika nchi zaidi ya moja, na humo kuna za urithi wa utamaduni, uandishi wa habari, falsafa, na unaweza kuomba ukiwa mwaka wa mwisho. Chevening ya Uingereza wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao ni kama miaka miwili, kwa hiyo ukiwa bado chuoni usijitese nayo, iweke kwenye daftari la baadaye. Na watu wa Kiswahili na Kiingereza mnaolenga ualimu, kuna kitu kinaitwa FLTA chini ya Fulbright, ule ufadhili wa serikali ya Marekani, kinapeleka vijana kwenye vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo wakafundishe lugha yao huku na wenyewe wakisoma kozi, na Kiswahili kimo. Mimi huwa nashangaa watu wanavyoijua Fulbright kwa jina afu hii hawajawahi kuisikia.

Intanshipu za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa nazo zinapokea watu wa sanaa, mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza unaruhusiwa, ila soma vizuri: hawalipi. Nauli, chumba, bima, vyote juu yako. Sisemi usiombe, nasema usiombe ukidhani kuna mshahara.

Na kwenye maonyesho mengine yatakayokuja rudi na lile shati, ila nenda asubuhi na mapema au dakika za mwisho wanapofunga meza, ndo muda mtu ana nafasi ya kuongea na wewe kama mtu.

SWALI: Shikamoo dada. Naomba kuuliza, lekchara wangu nimemwomba barua ya rekomendesheni kwa ajili ya programu ya majira ya joto, kanijibu "nikumbushe wewe ni nani." Nimefanya asainmenti zake zote na nina A! Dedilaini ni Ijumaa. Nifanyeje? (Mwenye A)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mtu mwenye darasa la watu 300 hakujui, hata ukiwa na A, anaijua A yenyewe. Kwa leo fanya hivi: mwandikie upya ujumbe mfupi, jina, kozi, semista, mada ya insha uliyoandika na alichokwambia kwenye maoni, ambatanisha insha yenyewe, CV ya ukurasa mmoja, tangazo la programu na aya tano za kwa nini unaiomba. Mwambie wazi kama siku hazitoshi utaelewa. Akikubali, barua itakuwa na kitu ndani. Akikataa, bora amekataa, maana barua inayosema "huyu ni mwanafunzi mzuri mwenye nidhamu" na kuishia hapo inakuua polepole, anayesoma maombi 400 anajua kabisa kwamba hapo hakuna mtu anayekufahamu.

Semista ijayo nenda ofisini kwake zile saa alizobandika mlangoni. Huwa hakuna mtu! Anakaa peke yake anasahihisha. Nenda na swali la kweli, sio la kujipendekeza, wanalinusa hilo. Umesoma kitu kwenye kozi hukukielewa, au hukukubaliana nacho, hilo linatosha. Mara tatu kwa semista na hatakuuliza tena wewe ni nani.

SWALI: Idara ya Muziki wana mhadhara wa mgeni, mimi nasoma Sosholojia, naruhusiwa kuingia?

JIBU: Ingia. Ukiandikwa "wazi kwa wote" maana yake ni wewe. Kaa mbele.

SWALI: Dada habari, kuna mkutano wa wanafunzi watafiti kitivoni kwetu na wanataka ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, ya maneno 250. Sina utafiti wowote, nina insha tu ya semista iliyopita kuhusu methali na namna zinavyowasema wanawake. Prof. aliisifia. Hiyo ni utafiti? Na je nikikubaliwa nitasimama kuongea nini dakika 15 mbele za watu? Naogopa mpaka tumbo linauma. (Tumbo joto)

JIBU: Mdogo wangu hiyo NI utafiti. Watu wa maabara wametuharibu akili, tunadhani bila koti jeupe hujafanya kitu. Umekusanya methali, umezipanga, umesema jambo ambalo mtu anaweza kulibishia, tayari.

Ikisiri watu wanaikosea kwa njia moja kubwa: wanatumia maneno 200 kueleza kwamba methali ni muhimu katika jamii, na 50 za mwisho wanasema "makala hii itachunguza". Itachunguza nini? Wewe umeshachunguza, sema ulichokiona. Anza na kitu chenyewe, nimesoma methali kadhaa kutoka mahali fulani, sema ngapi. Afu sema ulitegemea kuona nini na umeona nini. Kama methali nyingi zinamsema mwanamke lakini chache ndo zinasemwa NA mwanamke, andika hivyohivyo, sentensi moja, isimame peke yake. Halafu sema kwa nini hiyo inabadilisha jambo. Basi, maneno 250 yamejaa.

Dakika 15 ni chache kuliko unavyofikiri. Ukisoma kwa sauti kwa mwendo wa kawaida unameza kama maneno 120 au 130 kwa dakika, kwa hiyo kurasa zako ziishie maneno 1,800 hivi, usipeleke insha nzima ya maneno 4,000 ukidhani utakimbia nayo. Nimeona mtu amekatwa akiwa bado kwenye utangulizi, mwenyekiti wa kikao ameinua karatasi imeandikwa DAKIKA 1, kijana anaiangalia ile karatasi kama hati ya mashtaka. Chukua methali tatu tu. Ziandike kwa herufi kubwa, kila moja slaidi yake, uzisome taratibu, watu wataanza kutikisa vichwa kwa sababu wanazijua, na hapo tumbo litatulia lenyewe. Akitokea mtu akauliza swali hujui jibu lake, unasema "hilo sikuliangalia, asante, naliandika" na unaliandika kweli. Hakuna atakayekucheka. Wale waliokaa mbele nao wana ya kwao saa nane.

SWALI: Klabu ya midahalo wanaongea haraka na kujiamini balaa. Mimi mpole. Nijiunge?

JIBU: Jiunge, ila mwezi wa kwanza omba kushika saa. Mtunza saa anasikiliza kila hotuba bila kuongea, hiyo ni shule ya bure. Vyuo vingi vinatumia mtindo wa bunge la Uingereza, ule wa mashindano ya dunia ya vyuo yaliyoanza Glasgow 1981: timu nne za watu wawiliwawili, mbili upande wa serikali mbili upinzani, mada mnapewa dakika 15 tu kabla, kila mtu anaongea dakika saba. Ukikaa na saa mwezi mzima utagundua siri yao, wale wanaojiamini wana mifano ileile kama sita wanaigeuzageuza. Upole sio tatizo. Waamuzi wanatafuta nani amejibu hoja ya mwenzake, na wapole ndo mnasikiliza.

SWALI: Habari, mimi ni mzazi. Binti yangu amechagua falsafa na lugha, sasa ananiambia anataka likizo abaki kampasi kwa ajili ya "warsha ya uandishi" ambayo hailipi chochote. Baba yake amekasirika. Huu ni usomi au ni kupoteza muda? (Mama wa watatu)

JIBU: Shikamoo mama. Nashukuru umeuliza kabla ya kukataa. Hiki anachosoma binti yako kina umri mrefu: wazee wa zamani wa Ulaya walianza na mambo matatu, sarufi, mantiki na ufasaha wa kusema, ndipo wakaongeza hesabu, jometri, muziki na elimu ya nyota, wakayaita sanaa huria, yaani elimu ya mtu aliye huru. Kwa hiyo kujifunza kuandika na kubishana kwa hoja hakukuwa pambo la pembeni, ndiko kulikokuwa mlango wa kuingilia.

Ila hiyo haimpi kazi, najua, na baba ana haki ya kuwa na wasiwasi. Basi msimuulize kama inalipa, muulizeni atatoka na nini mkononi. Warsha nzuri ina mwalimu anayejulikana kwa kazi zake, inasoma kazi ya kila mshiriki, na mwisho wake mtu anatoka na kitu kilichokamilika. Akishakuwa na hadithi iliyokamilika kuna pa kuipeleka. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, kwa mfano, ni ya raia wa nchi wanachama kuanzia miaka 18, kuingia ni bure, inataka hadithi isiyowahi kuchapishwa ya maneno 2,000 hadi 5,000, na Kiswahili wanakipokea, sio lazima Kiingereza. Kuna pia ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, hiyo ni ya miswada mizima. Kama warsha anayoitaka ni ya siku mbili za hotuba na cheti, mama, arudi nyumbani apumzike.

SWALI: Nimepata imeili, "Mheshimiwa mtafiti mashuhuri", nimealikwa kuhutubia kongamano la kimataifa nje ya nchi, nitume ada ya ushiriki ndani ya siku tatu. Niko mwaka wa pili Jiografia na kongamano ni la meno. Nimefurahi ila nina mashaka.

JIBU: Mashaka yako yana akili kuliko furaha yako. Wewe na meno mmekutania wapi? Makongamano ya kweli nayo yanaweza kutoza ada, hilo lisikuchanganye, lakini wanakutoza baada ya kusoma ikisiri yako na kuikubali, wana kamati yenye majina ya watu unaoweza kuwatafuta kwenye tovuti za vyuo vyao, na mada zao zinafanana na kitu kimoja. Hawa wanasifu kabla hawajasoma, wanaharakisha, na mkutano mmoja unakusanya meno, uchumi, ushairi na mabomba. Usijibu hata kuwaambia hapana. Ukitaka mkutano halali, mfuate msomaji wa hapo juu mwenye tumbo joto.

Kwa leo tuishie hapo, nafasi imekwisha. Maswali ya toleo lijalo nayapokea mpaka mwisho wa mwezi, na yatakayoingia usiku wa mwisho saa tano na dakika hamsini na tano nitajua tu ni ya nani.